Mgeni Asiyepewa Albamu

Nyumba ya kumi na moja ilimpa Gaudens soda ya chungwa, kipande cha keki iliyolala, na albamu mbili nene za picha. Soda aliinywa. Keki aliizungusha kwenye sahani ili ionekane imepungua. Albamu ndizo zilizomtoa chumbani kwake Columbia Heights katika baridi ya Februari, mabasi mawili na soksi jozi tatu.

Polisi wa Marekani akitaka kupekua nyumba ya mtu lazima kwanza apate hati ya hakimu. Gaudens, mpelelezi mstaafu kutoka Tanzania, alihitaji kiu tu. Nyumba yoyote ya Mtanzania au Mkenya, kuanzia kitongoji cha Crystal mpaka cha Woodbury, mgeni akishavua buti na kuketi, kitu cha kwanza kuwekwa magotini mwake ni albamu, ajishughulishe nayo wakati mwenyeji anahangaika jikoni. Hakuna anayemwuliza kama anaitaka. Katika siku nne alikuwa ameona harusi saba, vipaimara, maiti wawili waliovishwa vizuri kuliko walivyovaa wakiwa hai, na magari yasiyo na idadi, kila mwenyewe ameegemea boneti kama amelizaa.

Alikuwa akitafuta pengo. Mahali palipokuwa na picha, na sasa haipo.

Picha yenyewe aliiona mara moja tu, kambini, dakika kumi, luteni amemsimamia kichwani kama aliyekuja kuiba kalamu. Ilionyesha vijana wawili kando ya ziwa, wakati wa kiangazi. Mmoja alikuwa Erick, amevaa sare ya jeshi ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Wa pili alikuwa Solomon, binamu yake, ambaye sasa amerudi Bukoba. Walikuwa wameshikana mikono. Gaudens aliigeuza. Mgongoni ilikuwa na mistari saba ya gundi ya manjano, iliyonyooka kama matuta ya shamba. Alitoa rula. Upana ulipungua sentimita nne. Mtu alikuwa amekata upande wa kulia kwa mkasi. Na kitu kimoja zaidi alikiandika kwenye daftari lake: Erick amemshika mkono Solomon, lakini hamtazami. Anatazama kule kulikokatwa, anacheka na mtu asiyekuwepo.

Picha hiyo ilimfikia kamanda wa Erick mwezi wa Januari, 1996, ndani ya bahasha moja na barua iliyopigwa taipu, haina jina. Barua ilikuwa ya mistari minne. Ilisema Sajenti Erick anapenda wanaume wenzake, na picha ni ushahidi. Ilisema sheria ya jeshi inajulikana. Ikamaliza: tafadhali mrudisheni nyumbani, kwa heshima nawaomba mrudisheni nyumbani.

Sheria ilikuwa na miaka miwili tu. Jeshi halimwulizi askari, na askari haliambii jeshi. Lakini mtu wa tatu akileta ushahidi, askari anaondoka. Erick alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, tabibu wa kikosi cha akiba, anasomea uuguzi. Kikosi chake kilikuwa kiondoke Machi kwenda Hungaria, na kutoka huko Bosnia. Baraza la kumjadili lilikuwa Jumatatu asubuhi. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Nitafutie aliyeandika," alisema Halvorson, wakili wa Erick, Mmarekani mrefu mwenye kikohozi. "Nikimjua, nitaliuliza baraza alikuwa na nia gani. Nisipomjua, picha itasema peke yake. Tukiwaambia ni binamu, wanacheka."

"Hii imetumwa na mtu wetu," Gaudens alimwambia. "Tena aliyekaa hapa muda mrefu."

"Umejuaje?"

"Kwetu wanaume hushikana mikono barabarani. Hata wabunge. Mtu aliyefika jana angeiona picha hii akaona undugu tu. Mmarekani angeona jambo, lakini picha asingekuwa nayo. Aliyetuma anajua kutazama kwa macho yetu na kwa macho yenu."

Halvorson aliutazama mkono wake mwenyewe, akauweka mfukoni.

Erick naye alikuwa ameketi palepale ofisini, mgongo umenyooka, kofia juu ya goti. "Mzee," alisema, "huniulizi kama ni kweli?"

"Serikali nzima ya Marekani imekatazwa kukuuliza. Mimi ni nani?"

Kijana alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Kisha akasema, "Ukimpata, niambie tu jina. Sitamfanya kitu. Ila meza moja sitakaa naye tena, mpaka nife."

Hayo yalikuwa ya Jumatano. Sasa Gaudens alikuwa kwa Nahashon, Mkenya wa kikosi hichohicho, ambaye kila mtu alikuwa amekwisha kumnyooshea kidole. Nahashon alikuwa akiutaka usajenti. Usajenti akapewa Erick.

"Sasa mzee, si uniulize tu direct?" Nahashon alijitupa kochini. "Najua watu wanasema mimi ndio nilimchoma Erick kwa kamanda."

"Ni wewe?"

"Ningekuwa mimi ningesaini! Nilikasirika, hiyo siwezi kukataa. Niliandika complaint kwa kamanda. Nikaweka jina, namba, na certificates zangu zote."

"Na akamaliza stampu zangu!" mkewe, Peris, alipiga kelele kutoka jikoni.

Gaudens alifungua albamu ya kwanza. "Na hayo wanayosema juu yake?"

Nahashon alikuna shingo. "Mzee, mimi nimelelewa kanisani. Siwezi kukudanganya ati napenda hiyo mambo. Kuna siku nilisema mbele ya watu, mimi siwezi ku-share bafu na yeye."

"Nani akuangalie wewe?" Peris alitokea mlangoni na kijiko cha mchuzi mkononi. "Mimi niliapa mbele ya pasta na bado nazima taa!"

Gaudens alilazimika kuiangalia picha ya gari kwa muda mrefu sana ili asicheke. Nahashon alingoja mkewe arudi jikoni. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Lakini mwaka jana kwa mazoezi lori lilipinduka, mguu wangu ukashikwa chini. Mafuta yalikuwa yanamwagika, kila mtu anapiga nduru, toka, toka, italipuka! Erick akaingia chini ya hiyo lori. Akakaa na mimi nusu saa, amebana mshipa na vidole vyake. Mzee, nilikuwa naskia damu yangu inagonga kwa mkono yake. Sikuuliza huo mkono unapenda nani."

"Ulimwambia asante?"

"Nilimwambia. Hiyo wakati." Nahashon alitazama dirishani, kwenye theluji iliyogeuka kijivu. "Tangu barua ikuje, watu wamehama. Weekend ya mazoezi, kwa chakula, meza ni ya watu nane, yeye anakula pekee yake. Na unajua mbaya ni gani? Hata mimi nilikaa ile ingine. Nikamwona na tray yake. Nikakaa ile ingine."

Gaudens alifunga albamu. Zote mbili zilikuwa za mifuko ya plastiki, zile mpya, picha inachomekwa wala haigusi gundi. Mistari saba ya manjano isingetoka humu. Alichora mstari juu ya jina la Nahashon kwenye daftari, akaomba buti zake.

"Jumatatu wakikuita, utasema habari ya lori?"

"Wakiniita, nitasema."

"Wasipokuita?"

Peris ndiye aliyejibu, kutoka jikoni. "Nitampeleka mimi mwenyewe!"

Kutoka hapo Gaudens alipanda basi la Crystal. Hakwenda kupeleleza. Alikwenda kutoa pole na kupumzisha miguu kwa Doris, mama yake Erick, ambaye ni mtu wa Bukoba kama yeye. Tangu Jumatano Doris alikuwa akimpigia simu kila jioni: umefika wapi, umemshuku nani? Ukweli ni kwamba Gaudens alikuwa ameanza kuizoea simu hiyo. Katika chumba chake mlikuwa na kikombe kimoja, kiti kimoja, na mashine ya kurekodi ujumbe ambayo taa yake nyekundu haikuwahi kuwaka isipokuwa Jumapili, binti yake alipopiga kutoka Woodbury na wajukuu wakasema heloo, babu, kisha wakaendelea kwa Kiingereza na mtu mwingine chumbani.

"Karibu, Ta Gaudens." Doris alimwita kwa heshima ya kwao, akamvuta ndani, akafunga mlango upesi baridi isiingie. Alikuwa bado na sare ya kazini, ile ya buluu ya nyumba ya wazee. "Kaa hapo dirishani, karibu na hita. Umempata?"

"Nimempoteza mmoja. Si Nahashon."

"Si Nahashon," Doris alirudia, akaenda jikoni.

Chai ikaja. Ikaja na ndizi za kukaanga. Kikaja kikapu kidogo cha buni zilizokaushwa, za kutafuna, kama heshima ya nyumbani inavyotaka. Gaudens alitafuna moja. Walisemezana juu ya theluji. Walisemezana juu ya mchungaji na gari lake. Saa ya ukutani ilikwenda dakika ishirini, halafu thelathini.

Kitu kilikuwa kinamsumbua na hakukijua. Alifikiri ni buti. Alifikiri ni baridi. Akatazama chini akaona magoti yake, mawili, matupu.

Aliinua macho polepole. Chini ya televisheni palikuwa na rafu. Upande mmoja, magazeti ya kanisa. Upande wa pili, vumbi jepesi, na katikati ya vumbi pembe nne za mahali pasipo na vumbi, ukubwa wa albamu ya zamani.

"Mama Erick," alisema, "nyumba hii haina albamu?"

Mkono wa Doris uliokuwa unamimina chai ulisimama hewani.

"Ipo. Iliingia maji."

"Maji gani?"

"Bomba lilipasuka."

"Lini?"

"Juzi."

Gaudens alilikanyaga zulia kwa soksi zake jozi tatu. "Zulia lako linakauka haraka."

Doris aliweka birika chini.

"Nimeingia nyumba kumi na mbili," Gaudens alisema, kwa upole kama mtu anayesoma hesabu za watu wa kanisani. "Kwa Nahashon, anayejua kabisa kwamba namshuku, nimewekewa albamu mbili. Kwa mama mmoja Woodbury nimewekewa tatu na sikuwa hata nimeketi. Ungeniletea yako na ukurasa ukiwa umeubana kwa gundi, labda ningepita. Lakini umenipa chai, ndizi na buni, na magoti umeyaacha yapigwe na upepo. Mwanamke wa Bukoba hawezi kusahau hilo. Anaweza tu kuogopa."

Doris aliingia chumbani. Aliporudi alikuwa ameibeba albamu ndani ya kanga, kama mtoto. Alimwekea magotini mwenyewe.

Ilikuwa ya aina ile ya zamani, ya kurasa ngumu zenye mistari ya gundi. Gaudens aliihesabu: saba, ya manjano. Ukurasa wa tisa ulikuwa na pengo. Na ukingoni mwa pengo, kikiwa kimebaki palepale kilipobandikwa tangu mwanzo, kipande cha upana wa sentimita nne. Ndani yake alisimama Doris peke yake, kitenge chekundu, amepeperushwa na upepo wa ziwa, anacheka. Begani mwake palikuwa na vidole vitano visivyo na mwenyewe.

Alitoa nakala ya picha aliyopewa na Halvorson, akaisogeza. Ziwa likaungana na ziwa. Mkono ukaungana na vidole. Erick akawa sasa anacheka na mtu aliyepo.

"Hukuweza kujitupa," alisema Gaudens.

"Nilijikata. Kujitupa sikuweza." Doris aliketi sakafuni, mgongo kwenye hita. "Uliza, Ta Gaudens. Wewe si polisi? Uliza."

"Kwa nini?"

"Mwaka wa sabini na tisa baba yake Erick alikwenda Uganda na jeshi. Wenzake waliporudi, waliniletea sanduku lake la bati. Lina kufuli. Ufunguo hawakuleta. Liko kwa mama yangu mpaka leo, sijalifungua. Mtoto alikuwa na miaka mitano, alikuwa akilipanda kama farasi." Alijifuta mikono kwenye sare ingawa haikuwa na maji. "Siku niliyosikia Bosnia, nikajua nitaletewa sanduku la pili."

"Na wazo hili ulilitoa wapi?"

"Kazini. Kuna mzee namwogesha, alipigana vita vya Wajerumani. Televisheni ilikuwa inasema habari za mashoga jeshini, wakae, wasikae. Wenzake wote wanafoka, jeshi limeharibika. Yeye anacheka ndani ya povu. Akaniambia, Doris, zamani zetu tungejua kuna mlango huo, kikosi kizima kingebusiana, tuwe nyumbani kabla ya chakula cha mchana." Alicheka. "Yeye alisema mzaha. Mimi nikaona mlango."

"Umeandika uongo, basi?"

Doris alimtazama sana. "Picha ni ya uongo. Nilimchagua Solomon kwa sababu yuko Bukoba, jeshi la Marekani litamfanya nini? Mtoto wa watu mwingine sikutaka kumgusa."

"Na maneno?"

"Maneno..." Alichukua buni moja, akaigeuzageuza. "Najua tangu ana miaka kumi na minne. Yeye hajaniambia, mimi sijamwuliza. Sheria hii ya wakubwa wa Washington, Ta Gaudens, nyumba hii iliipitisha kabla yao."

Nje gari la theluji lilipita, likikwangua barabara. Gaudens alingoja limalize.

"Atarudi na karatasi. Inayosema kwa nini alitolewa. Kila hospitali itakayotaka kumwajiri itaiomba."

"Na mimi nililetewa karatasi! Ya baba yake. Imepigwa mihuri mitatu. Bora huyu awe hai na karatasi mbaya."

Gaudens alitafuna buni yake mpaka ikaisha. Kisha akasema lililobaki. "Anakula peke yake, Mama Erick."

"Nani?"

"Mwanao. Tangu barua ifike. Meza ya watu nane, yeye na sahani yake. Wenzake wamehama."

Hilo lilimwingia. Uso ulimwanguka wote, kama nguo iliyotoka kwenye kamba. "Erick hapendi kula peke yake," alisema. "Hata akiwa mdogo. Nikichelewa kazini, nakuta chakula kimepoa, hajagusa, ananingoja."

Gaudens aliweka kidole pembeni mwa kile kipande. "Hiki kikifika mbele ya baraza Jumatatu, barua imekufa. Ni picha ya familia, imekatwa na mtu mwenye sababu zake. Atabaki jeshini."

"Na atakwenda huko."

"Atakwenda."

"Na atajua ni mimi."

"Atajua."

"Kisipofika?"

"Atarudi nyumbani. Atakula hapa, mezani kwako, kila siku. Hatajua anakula na nani. Wewe utajua."

Doris alinyanyuka, akashika simu ya ukutani.

"Erick? ... Ni mama. Uko nyumbani? ... Umekula? ... Basi usile. Washa gari uje. ... Hapana, siumwi. Nataka kukuuliza kitu. ... Hapana, si kwenye simu. Nimechelewa miaka minane, dakika kumi za kutoka kwako New Hope hazitaniua."

Alikata simu, akabaki ameishikilia. "Niachie hicho kipande," alisema bila kugeuka. "Nataka nimpe mimi. Mkononi. Akitaka kukipeleka Jumatatu, atakuletea yeye."

Kwa miaka ishirini na sita katika upelelezi, Mwanza na kwingineko, Gaudens hakuwahi kumwachia mshukiwa kielelezo. Kwenye mafunzo aliwafukuza vijana wawili kwa kosa hilohilo. Alikunja nakala yake, akavaa buti, akaomba buni chache za njiani.

"Ukimwambia kitu yule wakili leo..." Doris alianza.

"Leo ni Jumamosi. Wakili amekwenda kuvua samaki juu ya barafu. Watu wana mambo yao."

Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la Doris. Jumamosi basi lilikuja mara moja kwa saa. Gaudens alisimama, skafu imemfunika mpaka puani, giza la saa kumi na moja likianza kushuka juu ya theluji. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akingoja.

Gari dogo lenye taa moja mbovu liliingia upande wa pili. Erick alishuka. Alipita hatua chache tu kutoka pale, hakuona mzee wala kituo. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

Dirishani taa ilikuwa inawaka na pazia halikuvutwa. Gaudens alimwona Doris akimsukuma kijana ndani, akimketisha kwenye kiti kilekile cha karibu na hita. Hakumpa chai. Hakumpa hata nafasi ya kuvua koti. Alifungua kanga, akatoa albamu, akamwekea mwanawe magotini, kama mgeni, halafu akavuta kiti cha pili, akaketi naye meza moja, akangoja.

Kijana alifungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili.

Basi lilikuja likasimama katikati yake na dirisha, tupu, madirisha yake yote yamejaa ukungu. Gaudens alipanda, akaketi upande wa nyumba, akaufuta ukungu kwa kiganja. Lakini dereva alikuwa amekwisha kuondoa gari.